Farasi wa Chuma na Aibu Zake

  

Ndugu wasomaji, jambo ninalotaka kulieleza mwezi huu huenda likawashangaza baadhi yenu, kwa kuwa si la udhu wala la mirathi. Ni la motokaa. Tena si motokaa ya kumpeleka mgonjwa hospitali wala ya kubeba ndizi kutoka Kibosho kwenda sokoni, bali ile motokaa ya kwenda mbio, iliyoinama karibu na ardhi, ambayo vijana wetu wa Majengo huiota usiku na kuizungumza mchana. Nilikuwa nikidhani kuwa hayo si mambo ya mwalimu wa madrasa. Nimekwisha ona ya kuwa nilikosea, na kosa lenyewe nalieleza hapa, pamoja na sahihi yangu iliyomo ndani yake.

Kijana mmoja niliyemsomesha tangu alifu mpaka akahitimu Kurani alinijia baada ya Magharibi, akanisalimu, akaketi juu ya mkeka pasipo kusema neno kwa muda. Kazi yake ni upagazi wa mlimani. Kwa misimu minne alipanda Kilimanjaro kwa njia ya Machame, amebeba mahema na vyakula vya wageni mpaka kambi ya Barafu, mahali palipo juu ya mita 4,600, na kila aliporudi aliweka kitu. Akiba hiyo ilikuwa imefika shilingi milioni 6 na laki 4.

"Maalim," akasema, "nimepata Altezza."

Nilimwuliza Altezza ni nini, akacheka kwa adabu. Kwa wasomaji wasiojua kama nilivyokuwa sijui, Altezza ni motokaa ya milango minne iliyotengenezwa na Toyota huko Japani tangu mwaka 1998 hadi 2005. Ulaya na Marekani iliuzwa kwa jina la Lexus IS. Injini yake ni ya lita mbili, nayo husukuma magurudumu ya nyuma. Ziko aina mbili mashuhuri: AS200 yenye silinda sita, na RS200 yenye silinda nne, ambayo nguvu zake hufika za farasi 210. Ilipotoka tu ilipewa tuzo ya motokaa bora ya mwaka huko kwao. Basi hata iliyo changa kabisa miongoni mwao imekwisha timiza miaka 20, na kile kilichokuwa fahari ya kijana tajiri wa Tokyo sasa chauzwa kwetu kwa bei ya pikipiki tatu.

Yafaa pia tujue kwa nini magari hayo yametufikia. Huko Japani gari dogo jipya hukaguliwa na serikali baada ya miaka mitatu, kisha kila miaka miwili, na ukaguzi huo pamoja na ada zake ni mzigo kwa mwenye gari lililochakaa. Naye huona heri alipeleke mnadani. Wajapani huendesha upande wa kushoto kama sisi, usukani ukiwa kulia, basi gari lao halihitaji kugeuzwa lolote likishuka bandarini Dar es Salaam. Jirani zetu wa Kenya hawaruhusu kuingizwa gari lililopita miaka minane. Tanzania yaruhusu, lakini hutoza: juu ya ushuru wa forodha wa asilimia 25 na kodi ya ongezeko la thamani ya asilimia 18, gari dogo lenye miaka minane hadi kumi huongezewa asilimia 15 kwa ajili ya ukongwe wake, na lililozidi miaka kumi huongezewa asilimia 30. Tena TRA huikadiria thamani kwa orodha yake yenyewe, si kwa karatasi aliyoiandika muuzaji. Kwa hiyo kijana mwenye fedha kidogo, akiona katika simu yake kwamba Altezza huko Japani ni rahisi, asifurahi upesi. Njia iliyobaki kwake ni kununua lililokwisha kuwamo nchini, lililopita mikononi mwa watu wawili watatu; na hapo ndipo penye hatari, maana kila mkono huacha alama yake, na kila mwenye mkono hutaka kuifuta alama hiyo kabla ya kuuza.

Mimi sikumkataza. Baadhi ya wazee wenzangu wakimwona kijana anapenda kasi humwambia kuwa ni shetani aliyemwingia. Hao wamesahau ya kuwa Mtume wetu s.a.w. mwenyewe aliwashindanisha farasi huko Madina: waliokwisha zoezwa walikimbizwa kutoka Hafyaa mpaka Thaniyatul Wadaa, mwendo wa maili tano au sita, na wasiozoezwa kutoka Thaniya mpaka msikiti wa Bani Zuraiq, mwendo wa kama maili moja. Abdillahi bin Umar, mchamungu yule tumjuaye sote, alikuwa mmoja wa waliopanda. Habari hii imo katika Bukhari. Kupenda chombo chepesi si dhambi. Dhambi huja na yanayokizunguka, nayo ni majivuno, riba, uwongo, na kuzichezea roho za watu barabarani. Sheria yetu imeweka kilomita 50 kwa saa penye makazi ya watu, na barabara ya kutoka Moshi kwenda Himo yapita penye makazi mengi, basi farasi hao 210 hulala zizini karibu safari nzima. Hilo nilimwambia, akacheka tena.

Bei ilikuwa shilingi milioni 8. Mama yake, ambaye hukaanga vitumbua, alimwongezea milioni 1. Zikabaki laki 6, na dalali akamwonyesha mahali pa kuzipata siku ile ile: kwenye mikopo ile ambayo watu wenyewe wameiita kausha damu. Hapo nilisimama. Nikamwambia kuwa ndani ya jina lake mna hukumu yake, wala hatuhitaji kufungua kitabu. Mimi na jirani zangu wawili tukamkopesha laki 6 pasipo nyongeza, arejeshe atakapoteremka mlimani. Nilijiona nimefanya kazi kubwa ya dini. Sikutambua kwamba milioni 8 zimetoka zote kwa gari, na katika mfuko wa kijana haikubaki hata fedha ya kubadilishia oili.

Muuzaji alitoka mji mwingine, mtu mzima wa makamo, mwenye kofia ya kiua na maneno laini. Alifika nasi adhuhuri, gari limekwisha pata moto kwa safari, linang'aa kama sinia ya harusi. Tulifungua boneti. Mimi, ambaye sijui plagi na pistoni, niliinama nikatazama kama mtu ajuaye, nikausifu usafi wake. Mita ilionyesha kilomita 118,000. Kisha akatoa karatasi, iliyoandikwa kwamba amemwuzia kijana gari "kama lilivyo", nami nikaombwa niwe shahidi. Niliisoma kwa makini. Nilisahihisha maneno mawili yaliyoendelezwa vibaya, nikatia sahihi yangu, na chini yake nikaandika "Mwalimu wa Madrasa". Hayo maneno matatu ndiyo yanayonichoma mpaka leo.

Katika wiki ya tatu kijana alimpeleka rafiki yake Marangu. Kutoka Himo barabara hupanda, na katika kupanda ndipo gari husema siri zake. Mshale wa joto ukainuka mpaka mwisho. Fundi mmoja wa mtaani kwetu alilifungua, akaonyesha mambo matatu. Ndani ya kifuniko cha oili mlikuwa na kitu cheupe kama maziwa yaliyoganda, alama ya maji kuchanganyika na mafuta kwa kuharibika gasketi ya silinda hedi. Ndani ya rejeta mlikuwa na masalio ya dawa ile inayotiwa kuziba mivujo kwa muda, mpaka mnunuzi aondoke. Na jambo la tatu lilikuwa kipande cha karatasi kilichobandikwa ndani ya chumba cha injini, ambacho sisi sote tulikiona siku ya kununua tukadhani ni pambo la Kijapani.

Karatasi ile huwekwa na gereji za Japani zinapobadilisha mkanda wa taimingi. Maandishi yake hatuyajui, lakini tarakimu ni zile zile zetu. Iliandikwa mwaka wa 22 wa Heisei, ambao kwa hesabu ya kawaida ni mwaka 2010, na kilomita 196,000. Haya, ndugu msomaji, fanya hesabu: gari lililokuwa limekwenda kilomita 196,000 mwaka 2010, litakuwaje leo na kilomita 118,000?

Hapo nilikumbuka somo nililolisomesha mara nyingi pasipo kulifikiri. Waarabu wa zamani walipotaka kuuza ngamia au kondoo, wengine wao walimwacha siku mbili tatu pasipo kumkama, hata kiwele kikavimba kwa maziwa, na mnunuzi akadhani huyo ni mnyama wa maziwa mengi. Mtume s.a.w. alikikataza kitendo hicho, akampa mnunuzi aliyedanganywa hiari: akitaka abaki naye, akitaka amrudishe pamoja na pishi moja ya tende kwa ajili ya maziwa aliyoyakama. Mwenye kuirudisha nyuma mita ya gari amekivimbisha kiwele. Tofauti yake na yule bedui ni kwamba kiwele kilichovimba hunywea baada ya kukamwa mara chache na ukweli ukaonekana, lakini mita yaweza kusema uwongo miaka mingi, hata kwa mnunuzi wa tatu na wa nne, ambao hawamjui aliyeianza hila.

Laiti kijana angalikuja kwangu siku ile. Hakuja. Kulikuwa na harusi Pasua, na marafiki wamekwisha ahidiwa kupandishwa. Basi akawa anabeba madumu ya maji nyuma ya gari, akijaza rejeta kila baada ya safari, kwa muda wa miezi miwili. Mwisho silinda hedi ikapinda. Alilipa shilingi milioni 1 na laki 3 kwa kuichonga, gasketi mpya, rejeta, mkanda na pampu ya maji, na fedha hizo zilikuwa za safari mbili za mlimani. Ndipo akanijia kuuliza kama aweza kulirudisha gari. Muuzaji alikwisha kumjibu katika simu kwamba karatasi imesema "kama lilivyo", na shahidi ni mwalimu wake.

Hukumu yake ni hii. Maneno "kama lilivyo" hayamwokoi mwenye kuficha. Katika madhehebu yetu ya Imamu Shafii, mtu akiuza kwa sharti ya kujivua na kila aibu, sharti hiyo humfaa katika jambo moja tu: aibu ya ndani ya mnyama ambayo mwenyewe hakuijua. Aibu aliyoijua akainyamazia imo shingoni mwake, na chuma si mnyama. Kwa hiyo kijana alikuwa na haki ya kurudisha. Lakini haki hiyo ni ya papo hapo. Mwenye kuiona aibu kisha akaendelea kukitumia kitu kwa starehe zake, amekiridhia. Maulamaa wamemhurumia mtu wa kawaida asiyeijua hukumu hii, ila huyu nilimsomesha mlango wa biashara mimi mwenyewe, hana pa kujificha. Nilimwambia: dhambi ya yule ingali juu yake, na haki yako umeipeleka harusini. Alilia. Mimi pia sikulala vizuri usiku ule.

Nilikwenda kwa yule fundi, nikamwomba anifundishe kama ninavyowafundisha watoto, kwa kuanza na alifu. Ninaandika niliyoyashika, kwa kuwa wazazi wengi watakaosoma haya wana kijana wa namna hiyo nyumbani.

La kwanza alilonifundisha ni kutolitazama gari lililokwisha pata moto. Mwambie mwenye gari kuwa utakuja baada ya sala ya Alfajiri, na injini ilale usiku kucha bila kuwashwa. Weka kiganja juu ya boneti. Ikiwa ina vuguvugu, mtu amekutangulia, na jiulize kwa nini. Injini iliyopoa haina uwezo wa kuficha: itagoma, itagonga, au itatoa moshi. Moshi wa buluu ni oili inayoungua, maana ringi za pistoni zimechoka. Moshi mweupe mzito usiokoma hata injini ikisha pata joto ni maji yanayoingia pasipostahili. Moshi mweusi ni petroli inayozidi kiasi, nao ni ugonjwa mwepesi kuliko miwili ile. Kabla ya kuwasha, fungua kifuniko cha oili na cha rejeta utazame ndani, wala usifungue rejeta iliyo moto, kwani maji yake huruka na kuchoma uso.

Kisha umri. Vijana wetu hupima gari kwa herufi ya kibao, wakisema hili ni namba C, hili ni namba D, na bei hupanda kwa herufi. Herufi hiyo huonyesha siku gari liliposajiliwa hapa Tanzania. Haionyeshi siku lilipotengenezwa. Gari la mwaka 1999 laweza kuvaa namba D likatembea kama kijana. Tazama mwaka wa kutengenezwa katika kadi, na nambari ya chasisi ya kwenye kadi uilinganishe na iliyochongwa katika chuma chenyewe, tarakimu kwa tarakimu. Matairi nayo yana umri wake: ubavuni pana tarakimu nne, mbili za wiki na mbili za mwaka, kama 3518 ni wiki ya 35 ya mwaka 2018. Mpira hukauka hata kama nyuzi zake bado ni nzuri. Inua zulia la nyuma, utoe tairi la akiba, upapase bati la chini. Mahali palipochomelewa upya pana hadithi, nawe uiombe isimuliwe. Mkanda wa taimingi hubadilishwa kila baada ya kama kilomita 100,000, na mkanda ukikatika injini ikiwa katika mwendo, valvu na pistoni zaweza kugongana, na hapo utakuwa umenunua sanduku la vyuma.

Chini ya gari tusipite upesi, maana sisi tunakaa Moshi. Magari haya yalifanyiwa barabara za lami laini, na tumbo lake li karibu na ardhi. Njia zetu za mitaani wakati wa masika hufanya mashimo, na jiwe moja lililochomoza hupasua sampu ya oili. Fundi hulala chini akatazama bushi, shokapu, na alama za kukwaruzwa. Kisha mpande mlima: kutoka mjini kwenda Uru au Kibosho, kilomita chache tu zatosha, mkitazama mshale wa joto wakati wa kupanda na kuzisikiliza breki wakati wa kushuka. Asiyekubali gari lake lipandishwe mlimani, mwambie kwaheri kwa wema.

Ama kuhusu Subaru Impreza yenye taabo, ambayo vijana wengine huipenda kuliko Altezza, fundi alitikisa kichwa tu. Taabo huzunguka zaidi ya mara 100,000 kwa dakika ikilainishwa na oili ile ile ya injini. Mmiliki mmoja mvivu wa kubadilisha oili amekwisha kuimaliza kabla hujaiona. Kwa mwenye fedha haba aliniambia afadhali Altezza ya silinda sita, kwa sababu injini yake ya 1G ni ndugu ya ile iliyomo katika Mark II nyingi za hapa nchini, na spea zake si za kutafutwa kwa tochi. Na juu ya fedha alisema neno ambalo lingalituokoa: mwenye milioni 8 anunue gari la milioni 5 na nusu au 6, na zinazobaki aziweke kwa ajili ya gari hilo hilo, maana zitakwenda huko apende asipende.

Wala kuukuu si aibu kwa yenyewe. Mwaka 1965 mashindano ya Safari ya Afrika Mashariki yalishindwa na ndugu wawili Masingasinga wa Kenya, Joginder Singh na Jaswant, kwa Volvo PV544 iliyokuwa imekwisha tumika mashindanoni kabla ya kuwafikia. Waliwaacha wa pili wao kwa zaidi ya saa moja na nusu. Joginder alikuwa fundi, mtoto wa mwenye gereji, na ile motokaa waliitengeneza kwa mikono yao hata hapakuwa na skrubu wasiyoijua. Ukongwe wake ulikuwa wazi kwao. Kijana wetu alinunua ukongwe uliofunikwa.

Sasa nije kwenye jambo lililonifanya nishike kalamu. Baada ya kutengeneza, kijana aliamua kuliuza, ili alipe deni letu na amrudishie mama yake fedha ya vitumbua. Alitokea mnunuzi, mwalimu mdogo wa shule ya msingi upande wa Same, naye akaambiwa bei milioni 8, akakubali bila kubishana sana, kwa vile aliona mita ina kilomita 121,000. Kijana akanijia.

"Maalim, ni lazima nimwambie habari ya mita? Sikuichezea mimi."

Nikamwambia ni lazima.

Akanyamaza, kisha akasema, kwa sauti ya chini, pasipo kuniangalia usoni: "Yule aliyeniuzia hakusema. Na wewe ulikuwapo."

Ndugu wasomaji, sikuwa na jibu la kujisafisha. Lakini nilimsimulia kisa cha Wathila bin Asqaa, sahaba wa Mtume, r.a. Alikuwa amesimama mahali, na mtu mmoja akauza ngamia wake kwa dirhamu 300. Wathila alighafilika, na alipozinduka mnunuzi amekwisha kwenda na ngamia. Akamkimbilia huku akimwita, akamwuliza: umemnunua kwa nyama au kwa safari? Akajibu, kwa safari. Wathila akamwambia kuwa katika ukwato wa ngamia huyo ameona tundu, hataweza mwendo wa kuendelea. Mnunuzi akarudi, na muuzaji ikambidi apunguze dirhamu 100. Muuzaji akamlalamikia Wathila kuwa amemharibia biashara yake, naye akajibu kwamba walimpa Mtume ahadi ya kumtakia mema kila Mwislamu; tena akaeleza aliyoyasikia kwa Mtume, kuwa haimhalalikii mtu kuuza kitu pasipo kuibainisha aibu yake, wala haimhalalikii mwenye kuijua aibu hiyo kuinyamazia.

Tazameni vizuri. Wathila hakuwa muuzaji, hakuwa dalali, wala hakuitwa kuwa shahidi. Alikuwa mpita njia. Nami niliitwa, nikakaa, nikasahihisha herufi. Kutojua kwangu injini si udhuru, kwa sababu nilijua kuwa sijui, na ningaliweza kusema: mngojeni fundi. Niliona haya mbele ya kofia ya kiua.

Nilimwambia kijana: "Mwanangu, mimi nilikukosea. Nami nitakuwapo siku hii pia."

Mnunuzi alikuja. Tulimwomba alale kwangu Majengo, ili gari aliwashe mwenyewe asubuhi likiwa limepoa. Baada ya sala tulitoka, mimi, kijana, mwalimu yule na fundi, na kijana akalifungua boneti, akamwonyesha ile karatasi ya Kijapani, akamfundisha kusoma mwaka wa 22 wa Heisei. Akamwambia habari ya gasketi, ya madumu ya maji, ya silinda hedi iliyopinda ikachongwa. Na kwamba shokapu za nyuma zimechoka, na dirisha moja halishuki. Mwalimu yule alisikiliza mikono ikiwa nyuma, kama akaguaye daftari. Alikasirika kwanza, akauliza mbona katika simu hakuambiwa. Kijana akasema kweli: "Katika simu nilikuwa bado sijakata shauri."

Walibishana bei mpaka jua likapanda. Mlima ulikuwa wazi asubuhi ile, theluji yake yaonekana, na mama yake alituletea chai na vitumbua mara mbili. Ilishuka kutoka milioni 8 mpaka milioni 5 na laki 7. Nilimwona kijana akihesabu kwa vidole chini ya mkeka: alikuwa amepoteza, ukijumlisha na matengenezo, milioni 3 na laki 6, ambazo ni zaidi ya nusu ya misimu yake minne. Akasema, "Nimeuza." Mwalimu naye akasema amenunua, kwa kuwa ni gari la kwanza katika matano aliyoyatazama ambalo ameambiwa ugonjwa wake kabla ya bei.

Wote wawili wakataka niandike mimi. Nilikumbuka ile aya iliyo ndefu kuliko zote katika Kurani, iliyo mwishoni mwa Sura ya Bakara, iliyoamrisha kuandika na kushuhudisha, na kwamba mwandishi asikatae kuandika. Niliandika majina yao, nambari ya chasisi, na bei kwa tarakimu na kwa maneno. Sikuandika "kama lilivyo". Niliandika aibu moja moja, zikawa saba, na ya kwanza niliiandika hivi: mita inasoma kilomita 121,000, nayo haisemi kweli. Wakatia sahihi, fundi akatia yake, nami nikatia yangu mwisho.

Adhuhuri walikwenda TRA kwa habari ya kubadilisha jina katika kadi. Jirani zangu wamekwisha lipwa, na mama amepata milioni yake. Jumatatu iliyofuata kijana alipanda Machame na mzigo wa kilo 20.